Swali la Saba: Safari Yetu na Dkt. Selvi Kwenda Bumbuli

Wenzangu wa idara, tangu tuliporudi mmekuwa mkinivuta kando mmoja mmoja na kuniuliza kilichotupata milimani. Huyu anataka kujua kwa nini tuliaga kwa siku sita tukakaa kumi na tano. Yule anauliza kwa nini Dkt. Selvi alirudi na vidole vyeusi kama mtu aliyemenya ndizi mbichi za arusi nzima. Na wote mnauliza ilikuwaje ripoti iliyosifiwa kabla ya kusomwa ikageuka njiani. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nawaandikia yote mara moja. Habari za vibali na tiketi nimeziacha, maana hazina utamu wowote.

Dar es Salaam hadi Mombo, kwa treni

Kwa wale mliojiunga nasi juzi: Dkt. Selvi ndiye anayefundisha uchumi wa kilimo, na mimi Yusufu, mtu wa Tabora, ni mwalimu msaidizi wake. Kulikuwa na mpango wa kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Bumbuli, katika milima ya Usambara, kupanda chai mpaka chini bondeni, mahali wanapolima maharage, mahindi na viazi. Dkt. Selvi aliombwa apige hesabu kama jambo hilo linafaa. Tulituma wanafunzi na karatasi za maswali, wakarudi na majibu, akapiga hesabu, na hesabu ikasema linafaa sana. Sasa tulikuwa tunakwenda kuisoma ripoti mbele ya wanakijiji wenyewe. Miche ya chai ilikuwa imekwisha oteshwa, inangoja neno lake tu.

Treni ilikwenda vizuri mpaka tukakaribia Korogwe, ikasimama katikati ya mkonge. Behewa la mizigo lilikuwa limetoka relini huko mbele. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri. Watu walishuka wakatandika khanga kwenye kivuli cha mabehewa, na haikuchukua muda wauza mihogo na mayai ya kuchemsha wakatokea, sijui kutoka wapi, maana nyumba sikuiona hata moja.

Mama mmoja mwenye kikapu cha mayai alimtazama Dkt. Selvi kwa muda, kisha akauliza, “Mama, duka lenu ni lipi pale Korogwe? La karibu na stesheni?”

“Sina duka, mama. Mimi ni mwalimu.”

“Basi la mumeo.”

“Sina mume.”

“Ee! Sasa unaishije?”

“Kwa mshahara. Kama huyu Yusufu.”

Yule mama akanigeukia, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kola, akamhurumia mwenzangu waziwazi. Akampa yai moja la bure.

Dkt. Selvi alicheka mpaka machozi. Kisha, kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, akanisimulia habari zake, ambazo kwa miaka minne ya kufanya naye kazi sikuwahi kuzisikia. Si Mhindi wa dukani wala wa Bara Hindi. Alizaliwa milimani katika kisiwa cha Silani, kusini mwa India, kwenye shamba kubwa la chai. Babu zake walivushwa bahari kutoka Bara Hindi kwenda kufanya kazi humo. Kisiwa kilipopata uhuru, watu wa mashamba ya chai waliambiwa kwamba wao si raia wa pale. Na huko walikotoka babu zao hakuna aliyewajua.

“Kwa hiyo ulikuwa raia wa wapi?” nikamwuliza.

“Wa darasani,” akasema. “Mwalimu wetu aliniazima vitabu. Nikashinda mtihani mmoja, nikashinda wa pili, nikajikuta Uingereza na shahada tatu. Kila chuo nilichoomba kazi walinisifu, halafu wakafika kwenye swali lako hilo, wakanyamaza. Dar es Salaam walikuwa wamepata uhuru juzi tu, walimu hawatoshi. Aliyenipokea aliniuliza jambo moja: kama naweza kuanza kufundisha Jumatatu.”

“Ukaweza?”

“Nilifika Jumapili.”

Siku hizi wanafunzi wake wa kwanza ni wakubwa wizarani, na bado wanamwamkia shikamoo hata kwenye simu. Ombi lake la uraia lilikubaliwa mwaka wa tatu. Anasema siku ile alikwenda sokoni Kariakoo akanunua samaki mkubwa kuliko chungu chake, akalazimika kuwaita majirani.

Mombo hadi Lushoto, juu ya chumvi

Gari la ofisi ya kilimo lilitungoja Mombo jana yake, likachoka, likaondoka. Tukapata lori la chumvi. Dereva alimweka Dkt. Selvi mbele kwa heshima, mimi nikapanda juu ya magunia pamoja na mafundi cherehani wawili na mbuzi asiyetaka safari. Mombo kuna joto la kukaanga. Lakini barabara ile ikishaanza kujikunjakunja kwenye ukuta wa mlima, kila kona inakupunguzia joto kidogo, na tulipofika Soni mimi mtu wa Tabora nilikuwa nimejifunika gunia tupu, meno yanagongana. Chini yetu maporomoko ya maji yalinguruma. Dkt. Selvi alitoa kichwa dirishani, akavuta pumzi ndefu, akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha magazeti, “Yusufu! Hali ya hewa ni ya kuridhisha kabisa!”

Lushoto tulipokewa na Bwana Shamba, kijana mrefu anayeitwa Singano, Msambaa wa Gare, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Mpango wa chai bondeni aliuamini kwa moyo wote, na kitabu cha Dkt. Selvi alikuwa amekisoma mara mbili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Baada ya siku tatu mgeni wa mkoa anakuja mkutanoni,” akasema, anasugua mikono. “Ukisema ndiyo, mama, siku ya pili yake tunang'oa maharage.”

Jioni ile tulikula makande na peasi, tukalala chini ya mablanketi matatu.

Lushoto hadi Bumbuli, kwa gari na kwa miguu

Mvua ilianza asubuhi. Tulirudi Soni kwa Landrova ya Singano, tukashika njia ya Bumbuli, na mbele kidogo tukakuta kipande cha mlima kimeshuka na kulala barabarani, migomba yake bado imesimama. Tukaiacha gari, tukatembea.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Mvua ilipozidi tulijibanza kwenye kibaraza cha nyumba ya mzee mmoja, na katika kumtambulisha mwenzangu nikasema, “Huyu ni Daktari Selvi.”

Mzee aliinuka mara moja. Aliingia ndani, na muda si muda akatoka na mkewe, dada ya mkewe na jirani mwenye jino bovu. Yeye mwenyewe akakaa kwenye kigoda, akapandisha suruali, akanyoosha goti.

“Linaniuma nikiteremka,” akasema. “Nikipanda halina neno.”

“Mzee wangu,” nikamwambia kwa haya, “huyu si daktari wa hospitali. Ni daktari wa uchumi.”

Mzee akafikiri. “Uchumi,” akasema polepole. “Unashika sehemu gani ya mwili?”

Singano aligeuka ukutani, mabega yanamtikisika. Lakini Dkt. Selvi alichuchumaa, akaliminya lile goti kwa makini, akamwambia kwa Kiswahili safi kwamba dawa yake iko hospitali ya Bumbuli, naye yeye mwenyewe anakwenda huko, basi wafuatane. Mzee akafuata. Dada ya mkewe naye akafuata, na jirani wa jino. Tuliingia Bumbuli kama msafara wa arusi, tumelowa chapachapa, tukawaacha kwenye foleni ya hospitali ndipo tukateremka kijijini.

Mkutano ulipaswa kuwa siku mbili baadaye. Lakini kwa njia ile iliyozibwa mgeni wa mkoa hakuweza kufika, na sisi hatukutaka kuondoka bila mkutano; Singano peke yake alirudi kwa miguu kwenye gari lake. Hapo ndipo siku zetu zilipoanza kuongezeka.

Kijijini, siku za kungoja

Tulipewa nyumba ya Mama Eliwaza, mama wa Kilutheri mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli anaiongoza. Mumewe, Baba Eliwaza, ni mtu mpole wa maneno mazuri, aliyetuandalia viti na kutueleza kilimo cha chai tangu mwanzo hadi mwisho akiwa amekaa.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Dkt. Selvi amesimama ukingoni mwa uwanja akitazama kilima cha ng'ambo, penye chai ya zamani ya kijiji. Ukungu ulikuwa unainuka. Wachumaji walikuwa wamejipanga kwenye mistari, matenga mgongoni.

“Yusufu,” akasema, “unaona wanaume wangapi?”

Nikatazama. “Sioni.”

“Labda leo wana kazi nyingine.”

Kesho yake hakukuwa na mwanamume, na keshokutwa pia. Jioni ya siku ya tatu, tukila ugali na maharage jikoni, alimwuliza Mama Eliwaza swali letu la saba, neno kwa neno kama lilivyo kwenye karatasi: “Katika nyumba hii, nani anachuma?”

“Baba Eliwaza,” mama akajibu bila kufikiri, huku anapakua.

“Lakini leo nimekuona wewe kilimani tangu alfajiri.”

“Ndiyo.”

“Ukifanya nini?”

“Nachuma chai.”

“Basi anayechuma ni wewe!”

Mama Eliwaza akaweka mwiko chini. Akanitazama mimi, akamtazama Dkt. Selvi, kama mtu anayezungumza na watoto wawili. “Mama, umeniuliza nani anachuma katika nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayechuma. Pesa ya chai anapokea yeye, sabuni analeta yeye. Majani nachuma mimi. Hayo ni mambo mawili.”

Jamani, swali lile niliandika mimi. Wanafunzi walilipeleka kila nyumba, na kila nyumba ilijibu “baba”, kwa ukweli kabisa. Sisi Dar es Salaam tukaandika kwamba chai inachumwa na wanaume, kwamba akina mama wana siku zao zote za kulima chakula, na kwamba chai ikiongezwa chakula hakitapungua. Hesabu yote ilikuwa imekaa juu ya neno hilo moja.

Dkt. Selvi hakunigombeza. Alimsaidia mama kuondoa sahani. Kisha akasema, “Kesho nakwenda kilimani.”

Alikwenda. Akina mama walimpa tenga kwa utani, wakasimama kumwona mama wa chuo akijikwaa. Dkt. Selvi alifunga sari yake juu ya magoti, akaingia kwenye mstari, na mikono yote miwili ikaanza kwenda. Majani mawili na chipukizi lake, majani mawili na chipukizi lake, anatupa nyuma begani bila kutazama. Mimi sijapata kuona. Vidole vilikuwa kama kuku wanaodonoa. Alipofika mwisho wa mstari, Mama Eliwaza, mchumaji hodari wa kijiji, alikuwa nyuma yake hatua kumi.

Wakaacha kazi wote. Wakamzunguka. “We mama umejifunzia wapi?”

“Mama yangu alikuwa mchumaji,” akasema, anahema, anacheka. “Likizo zote nilikuwa mstari wa pili yake.”

Kuanzia hapo maswali hatukuyahitaji tena. Walimweleza wenyewe, kwa Kiswahili na Kishambaa, wakitafsiriana. Chai haingoji: ikichipua lazima ichumwe siku ile ile. Na mvua inayochipusha chai ndiyo ile ile inayootesha magugu kwenye maharage. Mama mmoja akasema, “Mikono ni miwili. Wakituongezea chai bondeni, na mikono watuongezee.” Nilichuma nao pia. Siku nzima nilipata tenga moja, nusu yake vijiti, na bibi mmoja alimwaga vijiti vyangu chini akinisomea kosa la kila kimoja.

Mkutano

Njia ilifunguliwa siku ya kumi tangu tufike kijijini. Mgeni wa mkoa alifika, mtu mzima mnene mwenye koti la mvua, na Singano akiwa ubavuni mwake, suruali yake imenyooka kama kawaida. Kijiji kizima kilikuja. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, akina mama nyuma kwenye majani.

Asubuhi ile nilimsihi Dkt. Selvi. Nilimwambia aseme tu kwamba tunahitaji muda zaidi. Ripoti ilikuwa imefika hadi wizarani, jina lake limetajwa. Akiikana mwenyewe mbele ya watu, nani atampa kazi nyingine ya maana?

“Na wakishang'oa maharage?” akaniuliza.

Alisimama, akawaamkia wazee, akasema, “Ndugu zangu, hesabu yangu ina kosa. Nimekuja kulisema kwenu kabla halijawafika tumboni.”

Mabenchi yakaguna. Singano akawa kama mtu aliyemwagiwa maji. Mimi sijui nini kiliniinua, nikajikuta nimesimama. “Kosa ni langu!” nikasema. “Swali la saba niliandika mimi!”

“Kaa chini, Yusufu,” akasema bila kugeuka. “Ripoti ina jina langu.”

Nikakaa.

Mgeni wa mkoa hakufurahi. “Daktari,” akasema, “miche iko tayari. Mimi nitarudi kusema nini? Kwamba mtaalamu amebadili mawazo kwa sababu ya mvua?”

“Usirudi na maneno yangu. Uliza mwenyewe, ndugu. Naomba niulize kwa niaba yako.” Akageukia watu. “Juzi asubuhi, nani alikwenda kilimani, akavunja jani la chai kwa mkono wake? Ainue mkono.”

Nyuma, kwenye majani, ikainuka mikono mingi kama mahindi shambani. Mbele kwenye mabenchi, hakuna. Kisha taratibu ukainuka mkono mmoja. Baba Eliwaza.

“Mimi nilibeba tenga,” akasema.

“Mangapi?” Mama Eliwaza akauliza kutoka nyuma, kwa ile sauti ya kwaya.

“Moja.”

“Lilikuwa na nini?”

Baba Eliwaza akatafuta jibu zuri, hakulipata. “Lilikuwa tupu,” akasema. “Nilikuwa nalirudisha.”

Kicheko kilichopasuka pale kilishtua kuku wa kijiji kizima. Mgeni wa mkoa alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akatoa leso akajifuta macho. Kicheko kilipotulia alikuwa mtu mwingine. Akawaita akina mama waje mbele, akawauliza mmoja mmoja kwa adabu, akaandika mwenyewe. Walizungumza mpaka jua likageuka. Mwishoni wanakijiji wakakubaliana: miche ipandwe kwenye mteremko wa juu tu, bonde libaki la chakula, na wanaume wachume chai siku mbili kila wiki. Hilo la mwisho lilipita kwa kura za nyuma dhidi ya kura za mbele.

Singano alimfuata Dkt. Selvi baadaye, uso chini. “Mama, nimepita bonde hili kila siku kwa miaka miwili,” akasema. “Na mama yangu huko Gare ni mchumaji. Mbona sikuona?”

“Mimi nilizaliwa ndani ya kichaka cha chai,” akamjibu. “Na mimi sikuona. Njoo kesho kilimani, uje na viatu vya zamani.”

Hakuwa na viatu vya zamani. Alikuja na vile vile vya ofisi, akachuma na wanaume wengine, akina mama wamesimama juu ya mteremko wakiwasahihisha kwa kelele.

Kurudi

Tulipewa peasi, viazi, jogoo mmoja na kwaya nzima ya kutusindikiza hadi barabarani. Yule mzee wa goti tulimkuta kibarazani kwake, ana dawa, anateremka ngazi na kuzipanda tena ili tuone.

Kwenye treni Dkt. Selvi aliandika ripoti upya, karatasi magotini, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai, jogoo chini ya kiti. Mahali fulani baada ya Korogwe aliweka kalamu chini.

“Unajua kwa nini nilisoma uchumi? Shambani kwetu alikuwapo karani mwenye daftari. Jioni anasimama kwenye mzani, mama yangu anaweka mzigo, yeye anaandika. Hakuna aliyempigia kelele, hakunyeshewa mvua. Nikasema nikikua nataka niwe yule mwenye daftari.”

“Na umekuwa.”

“Nimekuwa. Na nimekuwa mzuri sana, Yusufu, mpaka nikasahau kuinua kichwa nimwone aliyeleta mzigo.” Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayesahihisha mstari, kisha akaendelea kuandika.

Basi ndiyo hayo. Wizarani ripoti mpya imepokelewa, kwa mshangao lakini imepokelewa. Na nyinyi mnaonung'unika kwamba kuanzia muhula huu hakuna karatasi ya maswali itakayotoka idarani kabla mwandishi wake hajakaa wiki mbili na watu anaotaka kuwauliza, sasa mnajua amri hiyo ilitoka wapi. Orodha imebandikwa mlangoni, na jina la kwanza ni langu. Jumatatu nakwenda Zirai, upande wa pili wa Usambara, ambako naambiwa wanalima iliki. Sijui lolote juu ya iliki. Nimeagizwa nisiulize kitu siku tatu za mwanzo, niamke mapema tu, nikae kimya, nitazame nani anatangulia kutoka nyumbani.